Wimbo umeujua lini? Kwa wapiga gitaa wapya, na kwa wanaowaambia "bado"

Kuna neno moja fupi ambalo, kwa maoni yangu, limewaondoa vijana wengi kwenye gitaa kuliko bei ya gitaa lenyewe. Neno hilo ni "bado". Halina tusi ndani yake wala halisemwi kwa hasira. Mwalimu wa kwaya hulisema kwa upole kabisa, tena akitabasamu: "Bado, mwanangu. Endelea na mazoezi." Kijana anaitikia, anarudisha gitaa stoo, anaondoka. Wiki inayofuata anaambiwa hivyo hivyo. Mwezi unaofuata hivyo hivyo. Hakuna anayemwambia bado nini, bado kiasi gani, na akifika wapi hiyo "bado" itakwisha.

Jambo hili limenikaa kichwani siku hizi ambazo nipo hapa Manyoni kwa likizo, mbali na simu za mhariri. Jioni ukikatiza mitaa ya karibu na stesheni hukosi kusikia gitaa mahali fulani. Si bendi. Ni kijana mmoja chini ya mwarobaini, anarudia kodi zile zile tatu, C, F na G, mpaka giza linaingia. Mmoja wao, mtoto wa mama yangu mdogo, aliniuliza swali ambalo sijaacha kulitafuna: "Kaka, hivi mtu anajuaje kwamba wimbo ameujua?"

Ndugu msomaji, hilo ndilo ninalotaka tulijadili leo. Na jibu langu nalitoa mapema ili mwenye haraka zake asisumbuke: anayejifunza gitaa ameujua wimbo vya kutosha siku ambayo mtu mwingine anaweza kuuimba juu ya gitaa lake bila kumsubiri. Basi. Si siku atakayoupiga bila kosa hata moja. Si siku atakayofanana na rekodi. Ni siku ambayo wimbo hausimami kwa sababu yake.

Najua wapo watakaosema naleta habari za kulipua kazi. Nitawajibu huko mbele. Kwanza tuelewane kwa nini swali hili si la mchezo.

Gitaa moja, vijana wanne

Mjini Dar es Salaam mtoto wa mtu anaweza kununuliwa gitaa lake, akajifungia chumbani nalo miaka mitatu, na hakuna atakayeumia isipokuwa majirani. Huku kwetu mambo hayako hivyo. Katika miji midogo kama huu, gitaa zuri, lenye spika na amplifaya, mara nyingi ni la kanisa. Manyoni ndiyo makao makuu ya Dayosisi ya Rift Valley ya Kanisa Anglikana, na ukitoka kwa Waanglikana kuna Wakatoliki, Walutheri na Wapentekoste wa kila aina. Kila kanisa lina kwaya, na mengine yana kwaya mbili au tatu. Shule ya muziki ya kijana wa hapa ni kwaya. Hana nyingine.

Sasa chukua kwaya yenye gitaa moja na vijana wanne wanaotaka kujifunza. Anayeamua nani "ameiva" ndiye anayeamua nani analishika hilo gitaa. Aliyeambiwa "bado" halishiki. Asiposhika, vidole haviongezeki ujuzi. Vidole visipoongezeka ujuzi, ataambiwa "bado" tena. Ni mduara, na hauna mlango.

Ipo kwaya moja, siitaji jina wala siutaji mji, ambako niliona jinsi mduara huu unavyomaliza watu. Mpiga solo wao alikuwa mtumishi wa serikali, fundi kweli kweli, na alikuwa amepiga gitaa katika albamu ya kwaya. Chini yake kulikuwa na kijana aliyesubiri zaidi ya mwaka. Nyimbo tisa za kwaya ile alikuwa anazipiga mwanzo mpaka mwisho, kodi zote mahali pake. Kila alipoomba kupiga ibadani aliambiwa bado, maana hajafikia zile mbwembwe za kwenye albamu. Kisha yule mtumishi akahamishwa kikazi, kama watumishi wanavyohamishwa. Kwaya ikabaki bila gitaa. Wakachangishana, wakanunua kinanda chenye midundo ya kubonyeza. Kijana yule leo anaendesha bodaboda na gitaa halishiki tena. Sisemi bodaboda ni kazi mbaya, inalisha familia nyingi. Nasema tu kwamba kwaya ilikuwa na mpiga gitaa mwenye nyimbo tisa mkononi ikamfanya asiwepo, kwa sababu hakuna aliyekaa chini akajiuliza: hivi kutosha ni kiasi gani?

Ujuzi wa saa moja na ujuzi wa kesho yake

Tuanze na upande wa kijana mwenyewe, maana naye anaweza kujidanganya. Umekaa na wimbo dakika arobaini. Mara ya kwanza ulikwama kila mstari. Mara ya kumi unateremka kama treni ikitoka mlimani. Unajiambia: tayari, huu nimeumaliza. Unalala. Kesho asubuhi unashika gitaa, vidole havikumbuki F iko wapi.

Hapo hujarogwa. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe ya kukariri silabi zisizo na maana, akaonyesha kwamba mtu husahau sehemu kubwa mapema sana, na kwamba kurudia kwa kuacha nafasi ya siku kunasaidia kuliko kurundika marudio yote siku moja. Baadaye mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Robert Bjork, akalieleza vizuri: kuna namna unavyofanya sasa hivi, na kuna ulichojifunza, na hivyo ni vitu viwili. Kinachoteremka vizuri mwishoni mwa mazoezi kinaweza kuwa kimeshikiliwa na joto la mazoezi tu.

Kuna utafiti mwingine ninaupenda zaidi kwa sababu unahusu ala yenyewe. Mwaka 2009, Robert Duke na wenzake wa Chuo Kikuu cha Texas, Austin, walichapisha matokeo ya wapiga piano 17 waliopewa kipande kifupi cha muziki wa Shostakovich. Kila mmoja alifanya mazoezi mpaka aliporidhika mwenyewe, kesho yake wakapimwa. Waliofanya vizuri zaidi hawakuwa waliokaa muda mrefu zaidi, wala waliorudia mara nyingi zaidi. Walikuwa wale waliolitafuta kosa liko wapi hasa, wakapunguza mwendo pale pale, wakalirekebisha kabla ya kuendelea.

Kwa hiyo ukimwuliza kijana "umefanya mazoezi mara ngapi?" umeuliza swali lisilosaidia. Swali ni: leo asubuhi, mara ya kwanza kabisa uliposhika gitaa, bila kupasha vidole joto, wimbo ulitoka? Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza. Nakiita kipimo cha baridi. Wimbo ukitoka baridi siku tatu tofauti, huo ni wako. Ukitoka moto tu, bado ni wa mazoezi.

Hesabu ndogo

Mimi si mtu wa hesabu lakini hii ni nyepesi. Kuna zoezi ambalo walimu wengi wa gitaa wa siku hizi hulitumia: unachagua kodi mbili, unaangalia saa, unahesabu unaweza kubadilishana kutoka moja kwenda nyingine mara ngapi kwa dakika moja. Anayeanza hupata kumi, kumi na tano. Wanapoilenga mbali huwa ni 60.

Mtu anajiuliza, kwa nini 60? Chukua wimbo wa kwaya wa mwendo wa kawaida, mapigo 80 kwa dakika. Kodi ikibadilika kila baada ya mapigo manne, unahitaji kubadilisha mara 20 tu kwa dakika. Ikibadilika kila baada ya mapigo mawili, mara 40. Maana yake mwenye uwezo wa 60 ana akiba. Na akiba ndiyo kila kitu. Akiba ndiyo inayokupa nafasi ya kuinua macho umwangalie mwimbishaji, kusikia sauti ya tatu wanafanya nini, kukumbuka kwamba beti la pili linarudiwa. Mwenye 20 kamili kwa wimbo wa 20 anapiga, ndiyo, lakini anapiga akiwa ameziba pumzi. Mtoto akilia tu kanisani, amepotea.

Kwa wengi ugumu uko kwenye F, ile ambayo kidole cha shahada kinalala juu ya nyuzi zote sita. Nimesikia vijana wakiambiwa "usiguse wimbo wowote mpaka F yako ilie nyuzi zote". Huu ni ukatili, jamani. Ipo F ndogo ya nyuzi nne ambayo inatosha kabisa kubeba wimbo huku ile kubwa ikiendelea kutafutwa. Na nyuzi zenyewe tunazijua: za zamani, zimeshika kutu, nyingine zimeinuka juu ya shingo ya gitaa kiasi kwamba hata fundi angetoka jasho. Tusimpime mtoto kwa gitaa bovu kisha tuseme vidole vyake ndivyo vibovu.

Wazee wa dansi walipimaje?

Watu wakitaka kutetea neno "bado" huwataja wazee. "Enzi za Mbaraka Mwinshehe hakukuwa na mchezo." Ni kweli, hakukuwa na mchezo. Lakini tuangalie mchezo haukuwepo kwa namna gani.

Kwa miaka mingi baada ya uhuru, bendi ya Tanzania iliyotaka kurekodi ilikwenda Redio Tanzania Dar es Salaam. Walikaa wote pamoja, magitaa, tarumbeta, ngoma na waimbaji, wakaupiga wimbo kwa mkupuo, kanda ikizunguka. Hakukuwa na mambo ya leo ya kukata kipande na kubandika kingine. Ukiangusha wimbo, umewaangusha wote. Na kabla ya kufika huko, nyimbo zilikuwa zimeshapigwa ukumbini mbele ya watu wanaocheza. Ukumbi ndio ulikuwa mtihani. Wacheza dansi hawakuhesabu nota za mpiga rithimu. Walijua kitu kimoja tu: miguu yao inasimama au haisimami.

Angalia pia namna gitaa zilivyogawana kazi katika dansi letu: solo, rithimu, besi, na bendi nyingi zikawa na solo ya pili. Mgawanyo huo ulimpa mgeni mahali pa kukaa. Rithimu nzuri ni kazi ya heshima, ina kodi chache na saa yake haisogei. Mtu anaweza kukaa hapo huku akimsikiliza wa solo kwa karibu, usiku baada ya usiku. Kwaya zetu nyingi zimefuta kiti hicho. Tumebaki na solo peke yake: ama uwe fundi, ama ukae kwenye benchi.

Na hili la kufanana na rekodi, nina mfano ninaoupenda. Mwaka 1952, Hugh Tracey, Mwingereza aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimrekodi kijana mmoja huko Jadotville, Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Kijana huyo ni Jean Bosco Mwenda, aliyeimba kwa Kiswahili cha kwao. Wimbo wake "Masanga" ulisambaa, na mpaka leo wapiga gitaa wa Ulaya na Marekani wanavunja vidole wakijaribu kuupata. Mwenda alipiga kwa kidole gumba na cha shahada tu. Mwaka 1959 alikwenda Nairobi, akakaa huko miezi kadhaa, na wapiga gitaa wa Kenya wakachota kwake. Sasa, Mwenda mwenyewe aliurekodi tena wimbo huo katika maisha yake, na matoleo hayafanani nota kwa nota. Mwenye wimbo hakujinakili. Iweje kijana wa Manyoni aambiwe hajaujua wimbo wa kwaya kwa sababu pambo la sekunde ya arobaini halikutoka kama kwenye albamu?

Hata bila kwenda mbali, tuko Ugogoni hapa, au mpakani mwake. Marehemu Hukwe Zawose, aliyefariki mwaka 2003, alitoka upande wa Dodoma akalipeleka zeze na marimba ya Kigogo duniani, na alifundisha watu Bagamoyo kwenye Chuo cha Sanaa. Ngoma za Kigogo zina sauti zinazopishana na midundo inayopishana ambayo ukiiandika kwenye karatasi utachoka. Lakini watoto wanaingia ngomani wakiwa bado watoto. Wanapewa sehemu ndogo inayowatosha, na kosa lao linamezwa na kundi. Hakuna anayeambiwa akafanye mazoezi peke yake nyumbani mpaka akamilike ndipo aje kucheza na wenzake.

Makosa hayalingani

Kazi yangu ni gazeti. Habari haiendi mtamboni kwa sababu imekamilika. Sijawahi kuona habari iliyokamilika. Inakwenda kwa sababu saa imefika na yale ambayo hayaruhusiwi kukosewa hayajakosewa: majina, tarakimu, na aliyetuhumiwa amepewa nafasi ya kujibu. Mkato ukikaa pabaya, mhariri atanuna. Jina likikosewa, mtu atakwenda mahakamani. Mwandishi mpya anafundishwa kwanza kutofautisha hayo mawili.

Gitaa nalo lina majina na lina mikato. Uzi mmoja ukifa ndani ya kodi, huo ni mkato. Pambo likirukwa, mkato. Kodi ikichelewa ukasimama kuitafuta huku watu thelathini wamefungua vinywa, hapo umekosea jina. Mwendo ndio jina la wimbo. Kijana aliyepiga kodi mbaya kwa wakati wake, kisha akaingia kwenye inayofuata kwa wakati wake, amefanya kosa ambalo nusu ya kanisa haikulisikia. Aliyesimama ili arekebishe ameonekana na kila mtu.

Ajabu ni kwamba mazoezi ya chumbani yanafundisha kinyume. Kila ukikosea unasimama, unarudi mwanzo. Miezi sita ya hivyo, na umejizoeza kusimama. Mwanzo wa wimbo unaujua kama jina lako, beti la mwisho hujawahi kulifika. Sasa nitasemaje kuhusu wale wapiga piano wa Texas waliosimama kurekebisha? Hakuna ugomvi. Kuna muda wa kurekebisha na kuna muda wa kupiga. Ukirekebisha, simama kwenye kosa lenyewe, si mwanzo wa wimbo. Ukipiga, usisimame hata paa likianguka. Mtu asiyeyatenganisha mawili hayo hatajua kamwe kama wimbo ameujua, kwa sababu hajawahi kuupiga. Amekuwa akiurekebisha tu.

Kwa hiyo vipimo vyangu ni hivi, na naviandika wazi ili anayevipinga apinge kitu kinachoonekana:

1. Wimbo unatoka baridi, mara ya kwanza ya siku, kwa siku tatu tofauti.
2. Unaweza kuanzia popote. Mwalimu akisema "beti la tatu", huhitaji kupita beti la kwanza kwanza.
3. Unaweza kupiga huku mtu mwingine anaimba, na ukikosea yeye haachi kuimba.
4. Unaujua kuumaliza. Wengi wanajua kuanza. Kumaliza pamoja na waimbaji, kwa mwendo ule ule, ni ujuzi wa peke yake.

Ukivipita hivyo vinne, umeujua. Chukua mwingine. Lakini usiutupe wa kwanza. Mjapani Shinichi Suzuki, ambaye mfumo wake wa kufundisha watoto violini umeenea duniani, alisisitiza jambo hili: mwanafunzi anasonga mbele kwenye wimbo mpya huku akiendelea kupiga ya zamani, na hiyo ya zamani ndiyo anayoipiga vizuri kuliko zote. "Kutosha" maana yake kutosha kuendelea. Haina maana umemalizana nao.

Utaona sikuweka kipimo cha pambio. Wenye kusali wanakijua kisa hiki: mama mmoja anasimama katikati ya ibada, anaanzisha pambio kwa sauti anayoijua yeye na Mungu wake, na mpiga gitaa anabaki anaitafuta ki kama mtu anayetafuta funguo mfukoni gizani. Kuipata papo hapo ni ufundi wa miaka. Kumpima anayeanza kwa jambo hilo ni kumwonea tu. Mpe nyimbo ambazo ki yake imepangwa mapema, hayo ya pambio yatakuja.

Wanaosema nashusha kiwango

Sasa niwajibu. Hoja yao si ya kipuuzi. Wanasema ibada si uwanja wa majaribio, na watu waliotoka Kintinku au Itigi kuja kwenye tamasha la kwaya hawakuja kusikia mtoto akijifunza. Wanasema kizazi hiki kinapenda njia ya mkato. Kijana anatazama video kwenye simu, anajifunza sekunde ishirini za mwanzo za wimbo, bando linaisha, anahamia mwingine. Ana mianzo hamsini na hana wimbo hata mmoja.

Hapo nakubaliana nao kabisa. Mwenye mianzo hamsini hajui wimbo. Lakini ona: huyo naye anaangushwa na vipimo vyangu vyote vinne. Hawezi kuanzia beti la tatu, hajawahi kumaliza, hakuna anayeweza kuimba juu yake. Kutaja kiwango kwa uwazi hakukishushi. "Bado" isiyo na maelezo ndiyo isiyo na kiwango, kwa sababu hakuna mtu anayeweza kuifikia wala kuipinga.

Na kama mtu anaona "kutosha" ni neno la wavivu, aangalie wenye mitihani yao. Bodi ya mitihani ya muziki ya London, ABRSM, ambayo mitihani yake hufanyika hata Afrika Mashariki, inatoa alama 30 kwa kila wimbo kwenye mitihani yake ya vitendo ya ngazi. Za kufaulu ni 20. Theluthi mbili! Watu wenye sifa ya ukali namna hiyo wameamua kwamba mtu anaweza kupungukiwa theluthi nzima na bado akaambiwa amepita, nenda ngazi ya pili. Wana alama za juu zaidi kwa waliofanya vizuri zaidi, ndiyo. Lakini mlango wameuacha mahali panapofikika, na wamepaandika.

Ombi langu

Walimu wa kwaya, shikamooni. Nawaheshimu, mnafanya kazi bila mshahara, na bila ninyi mji huu usingekuwa na mtu hata mmoja anayejua tofauti ya sauti ya pili na ya tatu. Ombi langu ni dogo. Kila kijana anayejifunza mtajieni wimbo mmoja na tarehe moja. Mwambieni: huu, Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tatu, utaupiga wewe, rithimu, na fundi atakaa pembeni yako. Kabla ya hapo mpeni wimbo wa kwanza wa kila zoezi, kwaya nzima ikiimba, na mkubaliane kwamba hakuna kusimama. Akikosea, kwaya isonge. Atajifunza kuikimbilia, kama mtu anayedandia treni iliyokwisha kuanza kuondoka. Tarehe ikifika na vile vipimo vinne havijatimia, mwambieni ni kipi hakijatimia. Hiyo ndiyo "bado" yenye faida.

Na ninyi vijana wa chini ya mwarobaini, msisubiri kuambiwa. Tafuteni mtu mmoja wa kuimba, hata mdogo wenu, hata akiwa hana sauti. Mkalisheni mbele yenu, mwambieni asiwasubiri. Mkifika naye mwisho wa wimbo, mmeujua. Mkiachwa njiani, mnajua ni beti gani, na kesho mnaanzia hapo hapo.

Wewe unaonaje? Katika kwaya yako, bendi yako au sebuleni kwako, nani anaamua mtu ameiva, na amewahi kuwaambia kwa kipimo gani?